Talaka Tanzania Bara: mume kaondoka miezi 20, je, "kutelekezwa" inatosha kufungulia shauri?

Msaidizi wa Kata

Habari za humu wakuu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa mashauri ya ndoa. Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata, Morogoro. Ninayemsaidia ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 9, mwingine 5. Ndoa ya kanisani ya 2015, cheti kipo.

Mume alihama nyumbani miezi 20 iliyopita. Amepanga mtaa wa pili, kata hiyohiyo, anaishi na mwanamke mwingine wala hafichi. Hatoi ada, hatoi hela ya kula. Muamala wake wa mwisho kwenye simu ya mama una zaidi ya mwaka. Kipigo kilikuwepo kabla hajaondoka, mara mbili, na mara moja mama alichukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu).

Kiwanja mume alikinunua 2012, kabla ya ndoa. Nyumba ilijengwa ndani ya ndoa, na bati zilinunuliwa kwa mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) wa mama. Karatasi zote zina jina la mume.

Baraza la kata lilimwita mume mara tatu, hakutokea. Mwenyekiti akampa mama barua ya mistari miwili: wameshindwa kuwasuluhisha, waende mahakamani. Barua hiyo ina miezi minane sasa.

Nauliza: tukiandika "kutelekezwa" kama sababu ya talaka, tutapita? Barua ya baraza inafaa? Tufungue Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya? Na nyumba tuiwekeje?

---

Jalada Jekundu

Mkuu, kabla hujaandika neno "kutelekezwa" soma kifungu cha 99 na cha 107 cha Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, kimoja baada ya kingine. Wengi wanakwenda moja kwa moja kwenye ile orodha ya 107 wakidhani ndiyo sababu za talaka. Siyo. Sababu ya talaka Bara ni moja tu: ndoa imevunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishika. Orodha ya 107(2) ni mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi wa kuvunjika huko, na kifungu chenyewe kinasema kuthibitisha jambo mojawapo hakumpi mtu haki ya talaka moja kwa moja. Kinyume chake pia ni kweli: usipofikia kigezo kimojawapo kwa ukamilifu, hakimu bado anatazama mwenendo wote wa wahusika.

Orodha yenyewe ni hii: ugoni, hasa ukiwa wa zaidi ya mara moja au ukiendelea licha ya kukatazwa, mwenendo wa kingono ulio kinyume cha maumbile, ukatili wa mwili au wa akili kwa mwenzi au kwa watoto wa ndoa, kutojali kwa makusudi, kutelekeza kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu, kutengana kwa hiari au kwa amri ya mahakama kwa muda usiopungua miaka mitatu, kifungo cha maisha au cha miaka mitano na zaidi, ugonjwa wa akili ambao madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao mwenye ujuzi wa magonjwa hayo, wamethibitisha kuwa hawaoni tumaini la kupona, na kubadili dini pale ambapo wote walikuwa wa dini moja na dini hiyo inahesabu jambo hilo kuwa linavunja ndoa.

Sasa pima kesi yako. Kutelekeza kunataka miaka mitatu, wewe una miezi 20. Ukiliweka hilo mbele, mjibu maombi, yaani mume, atasimama na hoja moja tu, kalenda, na muda wote wa shauri utaishia kubishana kuhusu tarehe. Liache litajwe kama sehemu ya historia. Mzigo uwekwe kwenye mambo ambayo sheria haikuyapa muda wa kusubiri: ugoni unaoendelea licha ya kukatazwa, kutojali kwa makusudi, na ukatili.

Kwenye ugoni hakuna anayekutaka uwafumanie kitandani. Shauri la ndoa ni la madai, kipimo ni uzito wa ushahidi. Mwenye nyumba aliyewapangisha kama mume na mke, mjumbe wa mtaa, jirani anayewaona asubuhi na jioni: mashahidi wawili wa namna hiyo wanamtosha hakimu. Lakini usisahau maneno "licha ya kukatazwa". Lazima kuwe na mtu aliyekataza. Kikao cha wazazi wa pande zote mbili, wasimamizi wa ndoa walioitwa, mzee wa kanisa aliyekwenda kuongea naye. Tafuta mmoja wao aje aseme tarehe na aliyoyasikia mume akijibu.

Kwenye maombi, usiandike "mjibu maombi ni mzinzi na mkatili". Hayo ni matusi, hayathibitiki. Andika hivi: "Kwamba tangu mwezi fulani mwaka fulani mjibu maombi anaishi kama mume na mke na mwanamke mwingine katika nyumba ya kupanga mtaa fulani, na aliendelea hivyo baada ya kuonywa katika kikao cha familia cha tarehe fulani mbele ya fulani na fulani." Kila aya tukio moja, tarehe, mahali, aliyeshuhudia.

Kutojali: chukua taarifa ya miamala ya simu ya mama kutoka kampuni ya simu, ya miezi 24. Mstari wa mwisho wenye jina la mume ndio ushahidi wako. Ambatisha stakabadhi za ada zenye jina la mama, na barua ya mwalimu kama watoto waliwahi kurudishwa nyumbani. Ukatili: PF3 peke yake haisemi nani alipiga. Mama aseme kwa kinywa chake, na akipatikana aliyemwona na uvimbe siku ile, aje.

---

Mzee wa Baraza

Jalada Jekundu kamaliza upande wa sababu. Mimi naongelea ile barua, maana hapo ndipo mashauri mengi yanapofia, tena mengine yanafia kwenye rufaa baada ya watu kushinda na kugawana mali.

Kifungu cha 101 kinakataza kufungua maombi ya talaka kabla mgogoro haujapelekwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa. Kifungu cha 106(2) kinaongeza kwamba maombi yaambatane na hati ya Baraza iliyotolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua. Barua yako ina miezi minane. Imekwisha muda. Hata ingekuwa ya jana, ina tatizo la pili: ni barua. Kanuni za mabaraza za 1971, Tangazo la Serikali namba 240, zina fomu maalumu ya hati hiyo, Fomu Namba 3, na kifungu cha 104(5) kinataka Baraza lieleze lilichokibaini, siyo kusema tu "waende mahakamani". Mahakama ya Rufani imeshawahi kufuta mwenendo wote wa shauri tangu mahakama ya chini kwa sababu karatasi iliyoambatishwa haikuwa hati halali ya Baraza. Wahusika walirudi mwanzo wakiwa tayari wamepoteza miaka.

Kwa hiyo mama arudi kwa Baraza la kata. Habari njema ni kwamba hana haja ya kuanza kuvutana upya kwa muda mrefu. Mume aitwe tena kwa wito wa maandishi, nakala ibaki na sahihi ya aliyeupokea, au maelezo ya aliyeupeleka kama amekataa kusaini. Asipofika kwa makusudi, Baraza liandike hivyo kwenye hati. Sheria inatambua hilo: kifungu cha 101 kina hali sita ambazo sharti la Baraza linaondolewa, na mojawapo ni mwenzi kuitwa na kukataa kufika kwa makusudi. Nyingine ni mwenzi aliyetoroka na hajulikani alipo. Mwenzi anayeishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita. Aliyefungwa maisha au si chini ya miaka mitano, au aliye kizuizini zaidi ya miezi sita. Mwenye ugonjwa wa akili usiopona. Na hali isiyo ya kawaida inayofanya Baraza lisiwezekane. Hata hivyo ushauri wangu ni kutoegemea msamaha huo wakati hati inapatikana. Msamaha unaubishania mbele ya hakimu, hati unaambatisha tu.

Mambo ya kukagua kabla mama hajaondoka na hati mkononi. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Hati iliyosikilizwa na mwenyekiti peke yake ofisini kwake ina kasoro. Tarehe ya hati iwe ya siku ilipotolewa, isiwe ya kikao cha kwanza. Majina yafanane na ya cheti cha ndoa, herufi kwa herufi. Muhuri uwepo. Na hati iseme nini kilichozozaniwa, nani aliitwa, mara ngapi, nani alifika, Baraza limebaini nini.

Baraza linaweza kuweka mapendekezo kuhusu matunzo, watoto na mali, lakini ni mapendekezo. Likiandika "tumegawa nyumba vyumba viwili viwili" limejipa kazi ya mahakama. Wakili haruhusiwi kusimama mbele ya Baraza. Ndugu wa familia anaweza kuruhusiwa. Nawe msaidizi wa kisheria ukienda, nenda kama msindikizaji, usiongee kwa niaba yake, usije ukampa mume hoja bure.

Moja zaidi, kwa wanaosoma. Barua ya mchungaji au padri siyo hati ya Baraza, labda jumuiya hiyo iwe na baraza lililoteuliwa kisheria. Uliza kwanza, usidhani.

---

Binti Kilosa

Naomba kuingilia kidogo. Na kwa Waislamu je? Kuna dada ameandikiwa talaka tatu kwenye karatasi ya daftari, mume kasema ndoa imekwisha na hana la kufanya mahakamani. Na kuna mwingine ndoa yake ina mwaka mmoja na miezi minne, anapigwa, ameambiwa asubiri ifike miaka miwili. Ni kweli?

---

Ustaadh wa Jalada

Dada, kwa la kwanza, tazama mpangilio wa matukio. Kifungu cha 107(3) kinasema wahusika wakiwa walioana kwa taratibu za Kiislamu, Baraza likathibitisha kushindwa kuwasuluhisha, na *baada ya* hati hiyo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama itaona kuwa ndoa imevunjika bila kurekebishika na itatoa talaka. Hapo hakimu hana haja ya kupima ugoni wala ukatili. Njia ni fupi kuliko zote, na watu wanaiharibu kwa kugeuza utaratibu: talaka inatolewa Januari jikoni, Baraza la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) linaendewa Juni. Talaka ya Januari haiwezi kubebwa na 107(3), kwa kuwa imetangulia hati. Inabaki ushahidi wa kawaida kwamba ndoa ina hali mbaya.

Dini yake inamhesabu ameachika, na eda yake anaijua. Lakini kwa sheria ya nchi ndoa haiishi kwa karatasi ya daftari. Kifungu cha 12 kinataja mambo yanayomaliza ndoa: kifo, amri ya mahakama ya kudhania kifo, amri ya ubatilisho, amri ya talaka, na talaka iliyotolewa nje ya nchi inayotambulika hapa. Karatasi ya mume haimo. Kwa hiyo dada aende Baraza la BAKWATA la wilaya yake, apate hati, kisha mume akirudia kutoa talaka, au yeye akijivua kwa khului (mke kujitoa kwa kurudisha mahari) kwa taratibu zinazokubalika, ndipo waende mahakamani. Mume akigoma kurudia, wafungue kwa njia ya kawaida ya 107(2). Na asikubali kuambiwa hana la kufanya mahakamani: mgawanyo wa mali na matunzo ya watoto vinaamuliwa huko.

Haya yote ni ya Bara. Zanzibar ina utaratibu wake na Mahakama za Kadhi, tusichanganye.

La pili, ni kweli nusu. Kifungu cha 100 kinazuia maombi ya talaka kabla ya miaka miwili tangu siku ya ndoa *bila ruhusa ya mahakama*. Ruhusa inaombwa, na inatolewa ukionyesha kwamba mwombaji anateseka kuliko ilivyo kawaida. Inaweza kuombwa kabla au baada ya kwenda Baraza. Kipigo chenye PF3, taarifa ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na maelezo ya daktari ndivyo vya kuambatisha kwenye kiapo. "Hatuelewani" haitoshi.

Halafu kuna njia ambayo watu wanaisahau kabisa: kutengana kwa amri ya mahakama. Kizuizi cha miaka miwili na cha hati ya Baraza vimewekwa kwa maombi ya talaka. Kutengana kunadai kuvunjika kwa ndoa, lakini siyo kule kusikorekebishika. Amri hiyo inamtoa mtu kwenye wajibu wa kuishi na mwenzake, mahakama inaweza kuamuru matunzo na hata mgawanyo wa mali, na ikidumu miaka mitatu inakuwa yenyewe ushahidi wa talaka. Kwa anayepigwa leo, hiyo ni bora kuliko kuhesabu miezi. Na jinai iende polisi sambamba; kifungu cha 66 kinasema wazi hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, hata mila ikisema nini.

---

Kiwanja Kina Historia

Narudi kwa muuliza swali, nyumba.

Msiogope jina la mume kwenye karatasi. Kifungu cha 60 kinadhania kwamba mali yenye jina la mmoja ni yake, lakini dhana hiyo inapingika kwa ushahidi. Na kifungu cha 114(3) kinasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, na mwenzake au kwa juhudi za pamoja. Kiwanja kitupu cha 2012 kilichoota nyumba baada ya 2015 ni mfano wa kitabuni.

Ila mahakama haigawi hadithi. Hapo ndipo akina mama wengi wanapopata asilimia ndogo na kulalamika wameonewa, kumbe hakimu hakuwa na kitu cha kushika. Muulizeni mama maswali haya na majibu yawe na karatasi au mtu. Kiwanja kina ukubwa gani, kipo kitalu gani, kilinunuliwa kwa nani? Mwaka 2015 kilikuwa na nini juu yake, kitupu au na msingi? Msingi ulichimbwa mwaka gani, fundi nani, yupo hai? Mkopo wa SACCOS ulikuwa kiasi gani, ulitoka tarehe ngapi, na bati zilinunuliwa tarehe ngapi? Tarehe hizo mbili zikikaribiana, hoja imesimama yenyewe. Mkopo wa Machi na bati za Novemba, mume atasema hela ya mama ilikwenda kwenye biashara yake. Chukueni taarifa ya mkopo kutoka SACCOS yenye muhuri, stakabadhi ya duka la vifaa, na fundi aje aseme nani alikuwa akimlipa na nani aliyekuwa akimpikia mafundi na kusimamia tofali.

Kupika na kusimamia kunahesabika. Mahakama ya Rufani iliamua hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kuchuma mali. Watu wanaishia hapo kunukuu. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alipewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, naye akazitapanya. Kwa hiyo mwenendo na matumizi ya fedha ya mama yataulizwa. Ajiandae.

Kifungu cha 114(2) kinataka mahakama itazame mila za jamii husika, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto. Ikishayapima hayo, ielekee kwenye usawa. "Ielekee" siyo nusu kwa nusu ya lazima. Deni la SACCOS ambalo mama bado analipa lidaiwe lihesabiwe.

Na fanyeni hili wiki hii, kabla ya Baraza, kabla ya mahakama: wekeni zuio. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama kiwanja kina hati, zuio linapelekwa kwa Msajili wa Hati na kiapo cha mama, cheti cha ndoa na nakala ya hati. Kama kina barua ya toleo (barua ya kugawiwa kiwanja), leseni ya makazi au hati ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, pelekeni barua ya taarifa ofisi ya ardhi ya manispaa na kwa mwenyekiti wa mtaa, kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mnunuzi akija kesho kutwa, hawezi kusema hakujua. Mwanaume aliyeona wito wa Baraza mara ya nne anaweza kuuza kwa bei ya kutupa.

---

Msaidizi wa Kata

Aisee, nashukuru sana wote. Mama kesho anarudi kwa Baraza, na zuio naanza nalo. Maswali madogo yaliyobaki: mahakama ipi? Na mama ana wasiwasi, mwaka jana naye alikuwa na uhusiano na mtu kwa muda, umekwisha. Tuseme au tunyamaze? Na mume akituma ujumbe kwamba hana pingamizi, anataka waachane kwa amani, inarahisisha?

---

Jalada Jekundu

Kunyamaza ni kosa la kwanza ambalo wakili wa upande wa pili anaomba mfanye. Kifungu cha 106 kinaorodhesha yanayotakiwa kuwemo kwenye maombi: maelezo ya ndoa, majina, umri na jinsia za watoto, msingi wa mamlaka ya mahakama, mashauri ya ndoa yaliyotangulia kama yapo, madai makuu yanayoonyesha ndoa imevunjika, makubaliano au mapendekezo kuhusu mali na matunzo, nafuu zinazoombwa, na *kukiri* mwenendo mbaya wa mwombaji mwenyewe kama upo. Aya moja, fupi, bila kujitetea sana. Mahakama inakataa maombi yaliyojengwa juu ya makosa ya mwombaji peke yake, isipokuwa kwa sababu maalumu. Ya mama hayako hivyo. Akikiri, hoja imekufa. Akificha na picha zikaletwa, hata PF3 yake itatiliwa shaka.

Mume kukubali kunasaidia, hakutoshi. Hatuna talaka ya makubaliano Bara. Hakimu lazima aridhike kwa ushahidi kwamba ndoa haiwezi kurekebishika, hivyo mama atapanda kizimbani hata mume akikaa kimya. Faida ya makubaliano ni kwenye mali na watoto: wayaandike, wote wasaini mbele ya mashahidi, yaambatishwe. Ujumbe wa simu mkiutumia, msichapishe picha ya skrini na kuitupa mezani. Mama aeleze simu ni ya nani, namba ni ya nani, aliipokea lini, na simu yenyewe iwepo siku hiyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinampa hakimu mambo ya kupima kabla ya kuupa uzito, na hayo ndiyo.

Mahakama: kifungu cha 76 kinazipa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu mamlaka kwa pamoja, kwa ndoa ya aina yoyote. Anayewaambia ndoa ya kanisani haisikilizwi Mwanzo anawapotosha. Kwa mama huyu mimi ningekwenda Mwanzo. Gharama ndogo, Kiswahili, mashahidi wako mtaani. Ningepanda Wilaya kama kungekuwa na kampuni, magari ya biashara au viwanja mikoa mitatu, ambako maandishi marefu na wakili vina maana. Kwa walioko Dar es Salaam, mashauri haya yana Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke.

---

Kiwanja Kina Historia

Niongeze watoto, halijaguswa. Kifungu cha 125 kinaweka ustawi wa mtoto mbele, na kuna dhana inayopingika kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama. Wa miaka 5 yuko ndani ya dhana, wa miaka 9 hayuko, ila mahakama inaweza kusikiliza maoni yake na hupenda kutowatenganisha bila sababu wala kuwayumbisha shule. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuombwa taarifa. Mama asishangae akitembelewa.

Matunzo msiombe "kiasi cha kutosha". Wekeni jedwali la mwezi: unga, mchele, mboga, sabuni, nauli ya shule, ada ikigawanywa kwa miezi, matibabu, sare. Jumla. Kisha onyesheni kipato cha mume, hati ya mshahara au shahidi wa biashara yake. Hakimu anayeomba namba akakosa, atakadiria, na makadirio mara nyingi ni ya chini.

---

Mzee wa Baraza

La mwisho kwangu ni tarehe. Siku hukumu inaposomwa, mama aandike barua palepale kuomba nakala ya hukumu na ya tuzo (amri rasmi ya talaka), ipokelewe kwa muhuri. Rufaa kutoka Mwanzo inakwenda Wilaya, hesabuni siku 30 na msibahatishe. Kutoka Wilaya au kwa Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, na inafunguliwa kwenye mahakama iliyotoa uamuzi. Muda wa rufaa ukipita salama, tuzo ipelekwe RITA, wakala wa usajili wa serikali, talaka isajiliwe. Zuio la nyumba lisiondolewe hadi mgawanyo utekelezwe: kama nyumba inauzwa, hadi hela iingie, kama mama anafidiwa, hadi shilingi ya mwisho.

---

Msaidizi wa Kata

Nimepata. Nikipewa Fomu Namba 3 nitaisoma neno kwa neno kabla ya kuipokea, na kiapo cha zuio naandika usiku huu. Kuna mwenye mpangilio mzuri wa kiapo cha zuio kwa kiwanja chenye barua ya toleo tu?

---

Kiwanja Kina Historia

Aya saba zinatosha: mama ni nani na anaishi wapi, ndoa ilifungwa lini na wapi, cheti kiambatishwe, nyumba iko wapi, mipaka yake, namba ya barua ya toleo, kwamba ndiyo nyumba ya ndoa na watoto wanalala humo sasa hivi, mchango wake kwa kifupi, SACCOS itajwe, kwamba mume amehama na kuna hofu ya kuuza, sababu ya hofu itajwe, mfano dalali aliyeonekana akipima, na kwamba hajatoa ridhaa ya kuuza, kuweka rehani wala kupangisha. Aape mbele ya kamishna wa viapo, nakala nne: ofisi ya ardhi, mtaa, mahakama baadaye, na yake. Jina la dalali msilitaje kama hamna uhakika.